Kabla ya kumsifu nyani, tuutazame mtihani aliopewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoichapa juma lililopita kuhusu nyani wa Ufaransa wanaofumbua mafumbo kwenye kompyuta. Nimefundisha baiolojia katika shule ya sekondari hadi nilipostaafu, na hunifurahisha gazeti la Kiswahili linapoipa sayansi ukurasa mzima. Hata hivyo, makala ile ilitangaza kwamba nyani huwaza kwa mlinganisho kama sisi, yaani huona kwamba uhusiano wa vitu viwili unafanana na uhusiano wa vitu vingine viwili, bila kumweleza msomaji waliulizwa nini na waliulizwaje.

Nianze na dogo. Picha ilikuwa ya sokwe, ilhali habari ni ya nyani. Mkulima wa Taita anayelala shambani kulinda mahindi yake hawezi kumchanganya nyani na tumbili, na mtu wa pwani atakuongezea kima na mbega. Ni aibu kidogo majina hayo yachanganywe na gazeti la Kiswahili.

Sasa mtihani wenyewe. Katika kituo cha Rousset, karibu na Marseille, kundi la nyani wa Guinea huishi pamoja uwanjani, na kila mmoja amepachikwa chipu ndogo mkononi, hivyo anapoingia kwa hiari yake katika kibanda cha kompyuta, mashine humtambua na kuendelea naye pale alipoishia. Kwenye skrini hutokea maumbo mawili. Yakiwa yanafanana, tuseme duara na duara, nyani anatakiwa achague jozi nyingine ambayo maumbo yake nayo yanafanana, kwa mfano pembetatu na pembetatu, na kuiacha jozi ya mraba na nyota. Zingatia kwamba duara halimo katika jibu lolote, kwa hiyo kinacholinganishwa si umbo kwa umbo bali uhusiano kwa uhusiano. Akipatia, hudondoshewa punje za ngano.

Watafiti Joël Fagot na Roger Thompson walichapisha matokeo ya mtihani huo mwaka 2011: kati ya nyani 29, ni 6 tu waliojifunza, tena baada ya majaribio maelfu kwa maelfu. Makala yenu iliwasifu hao 6, ikawanyamazia 23. Sisemi kwamba kufaulu kwao ni bure. Watano kati ya hao 6 waliendelea kupatia hata walipoletewa maumbo mapya, na mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita huumbuka siku maswali yanapobadilika. Lakini miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 2001, Fagot, Wasserman na Young walikuwa wamewapima nyani wawili kwa skrini zenye picha ndogo 16 kila moja, ama zote za aina moja ama zote tofauti, nao nyani wakafanya vizuri, kisha picha zilipopunguzwa matokeo yakaporomoka. Huenda basi nyani hao wawili hawakuwa wakiuona uhusiano wa kufanana na kutofautiana, bali walikuwa wakipima tu ni skrini gani imetulia na ipi imevurugika, na jibu sahihi hupatikana kwa njia zote mbili.

Mtego wa namna hiyo umo pia katika mtihani ambao watafiti McGonigle na Chalmers waliwapa kima wadogo wa Amerika ya Kusini na kuutangaza mwaka 1977. Mnyama hufundishwa vitu vitano, viwili viwili: cha kwanza hushinda cha pili, cha pili hushinda cha tatu, na kuendelea hadi cha tano. Kisha huonyeshwa cha pili na cha nne, ambavyo hajawahi kuviona pamoja, na ambavyo kila kimoja ameshakiona kikishinda na kushindwa. Kima walichagua cha pili, ikadhaniwa kwamba wameupanga msururu mzima kichwani. Mwaka 1991 ikatangazwa kwamba hata njiwa hufaulu mtihani wa aina hiyo, na wapo wataalamu wanaoeleza kwamba cha pili hupata thamani kwa kuwekwa tu kando ya cha kwanza kisichoshindwa kamwe.

Kilichonisikitisha zaidi ni makala kwenda hadi Ufaransa na kuipita Amboseli, mbuga yetu hapa Kenya, bila kutua. Hapo ndipo watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walipoanza kuwachunguza tumbili mwaka 1977. Walificha spika kichakani, wakangoja majike kadhaa wawe karibu, kisha wakacheza sauti iliyorekodiwa ya mtoto akipiga yowe. Mama yake aliikazia macho spika kuliko wenzake. Wenzake walimgeukia huyo mama, kana kwamba walijua mtoto ni wa nani.

Tumbili hao hawakufunzwa kwa majaribio elfu, wala hawakupewa punje ya ngano. Mwenye tahadhari atauliza kama wamezoea tu kwamba yowe hilo huandamana na jike huyo, na swali lake ni la haki. Mimi mwenyewe nimewaona tumbili juu ya paa la jiko la shule wakimtazama mama wa mtoto aliyefukuzwa kwa fimbo, kabla hata ya kumtazama mpishi aliyeishika, ila sikuwahi kuandika hesabu yoyote, kwa hiyo siutoi kama ushahidi. Hata hivyo, baada ya Amboseli naona ugumu kusema kwamba wale nyani 23 walioshindwa na skrini hawajui uhusiano wowote. Pengine waliulizwa kuhusu duara na pembetatu, vitu visivyomhusu nyani, badala ya kuulizwa nani ni mtoto wa nani.

Mmeahidi makala nyingine kuhusu kasuku. Naomba mara hii mtueleze swali liliulizwaje, kasuku wangapi walishindwa, na picha iwe ya kasuku.

Mwalimu mstaafu,
Voi