Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana mliofika, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Kazi za kawaida za chama chetu hapa Maryland mnazijua. Futari ya pamoja ilifanyika, misiba miwili tulichangia, darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea. Wanachama kwenye daftari ni 64, waliolipa ada ni 23, makusanyo dola 1,380, matumizi dola 1,145, salio dola 235. Karatasi zote ziko kwa mhazini.

Naomba muda wenu kwa jambo moja, kwa kuwa limezungumzwa sana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp na jina langu limetajwa. Ni uamuzi wa kutumia dola 600 na jioni sita za Oktoba kuwasaidia wanafunzi wetu kuomba mafunzo ya kiangazi katika maabara za utafiti wa ulinzi.

Imesemwa niliamua peke yangu. Mkutano wa Septemba ulitangazwa wiki tatu kabla. Akidi ni watu 20. Tulikuja tisa, tukangoja saa nzima. Maombi ya maabara za jeshi la majini hufungwa mwanzoni mwa Novemba, na watoto wetu wengi huanza kuulizia mwezi Machi, wakati mlango umeshafungwa. Kamati tendaji ikaamua. Hata leo ningeamua vilevile.

Imesemwa pia kwamba tunawapeleka watoto kutengeneza mabomu. Hoja hii naiheshimu, maana mzee aliyeitoa alikimbia vita. Lakini tuitazame APL, maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliyoko hapa hapa Maryland, mjini Laurel. Mwaka 1957 watafiti wawili vijana walisikiliza mawimbi ya Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Warusi, na kwa jinsi mlio wake ulivyobadilika wakaweza kujua inapita wapi. Mkuu wao akaligeuza swali: kama setilaiti inajulikana ilipo, basi aliye chini anaweza kujua alipo yeye. Ndipo ukazaliwa Transit, mfumo wa setilaiti wa kujua mahali ulipo, mtangulizi wa GPS inayowaongoza wanachama wenzetu wanaoendesha Uber. Sifichi kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya nyambizi zenye makombora. Wala sifichi kwamba uchambuzi wa mifumo, yaani kupima maamuzi ya ulinzi kwa hesabu za gharama na faida, uliokuzwa katika taasisi ya utafiti ya RAND na kuingizwa Pentagon na Waziri wa Ulinzi McNamara kuanzia 1961, ulihesabu mengi Vietnam na vita vile vikashindwa. Ndiyo sababu nataka mtoto wa mkimbizi awepo mezani hesabu hizo zinapopigwa.

Linaloniuma ni la uraia. Nafasi nyingi zinataka raia wa Marekani kwa sababu ya upekuzi wa usalama, yaani serikali kuchunguza historia ya mtu kabla ya kumwamini na siri zake; maabara chache hupokea wenye grini kadi. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaweza kushika pasi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa hapa anaupoteza wa nyumbani, na wazazi kadhaa kati yetu wamekataa kulipa gharama hiyo. Siwalaumu. Waliohudhuria walikuwa 11, wenye sifa sita, walioomba wanne, waliopata wawili. Wazazi wa waliobaki walisema fedha ya chama imenufaisha raia tu. Sharti hilo lilikuwamo kwenye tangazo langu, ukurasa wa pili. Ambaye hakulisoma asiseme nilimficha. Na kwa wanaonong'ona: mwanangu hakuomba, anasomea uuguzi.

Binti mmoja kati ya hao wawili alitakiwa kujaza SF-86, fomu ya upekuzi huo, inayouliza makazi yako ya miaka 10 na ndugu zako walioko nje. Nilikaa naye hadi saa saba usiku tukipiga simu Kigoma kutafuta tarehe za kuzaliwa za kaka zake. Bila usiku ule fomu isingekamilika. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenishukuru isipokuwa mama yake.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kutafuta pia nafasi zisizodai uraia, katika vyuo na maabara za kiraia, na pengine kupata mwanachama mwenye ujuzi wa sheria za uhamiaji. Yote yatategemea fedha. Wanachama 41 wanadaiwa ada, dola 60 kila mmoja, wakiwemo watano walioandika sana kuhusu zile 600. Mhazini amekaa karibu na mlango na kitabu cha risiti.