Futi kamba iacheni Dar: barua kwa wanangu mnaokwenda mahameni

Wanangu, watoto wa kaka zangu na dada zangu, na nyinyi wakwe zetu mliokubali kubebwa na safari ya watu,

Salamu kutoka Ikwiriri. Mjukuu wangu amenisomea yote mliyoandikiana kwenye kundi la ukoo, akasoma mpaka simu ikaishiwa chaji. Nimesikia Coaster mmeshakodi, fulana mmeshachapisha zenye jina la babu yenu mgongoni, na kuna anayekuja na droni ya kupiga picha za juu. Nimefurahi. Miaka mingi nilidhani nikifa, njia ya kwenda mahameni kwetu, makazi tuliyoyaacha kule bonde la Rufiji, itakufa na mimi.

Lakini katika maneno yote yale sikusikia hata mmoja akiuliza: pale sasa anaishi nani? Mmeandika "kwetu", "shamba letu", "eneo la babu". Ndiyo maana nikamwambia mjukuu achukue kalamu.

Wengi wenu mmezaliwa Mbagala na Temeke, na mmoja Mwanza, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Mto wa Rufiji ulipojaa mwaka 1968, maji yalikaa muda mrefu kuliko tulivyozoea, na serikali ikaona bora watu watoke bondeni waje huku juu. Mwaka uliofuata ndio tukahamishwa. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wa mjini wakisikia mafuriko hudhani tuliokolewa na shida. Shida ilikuwepo, sikatai, na viboko walikuwepo. Ila mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakitulisha. Maji yakishuka yaliacha udongo mweusi wenye unyevu, tukapanda mlao, yaani mazao ya maji yanaposhuka, mahindi na kunde, mvua isiponyesha hata tone, na tukavuna. Maji yakipanda tulihamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, na mtumbwi ukifungwa kwenye ngazi kama mbuzi. Kutoka juu ya dungu ndiko mama alikovulia kambare kwa ndoana huku sufuria iko motoni.

Siku lori lilipokuja kutuchukua, mama alibeba kinu. Baba, yaani babu yenu, alikaa kimya asubuhi nzima, kisha akang'oa mlango wa nyumba, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe, akaupakia. Kuta aliziacha, mlango akaondoka nao. Mkija kwangu mtaukuta, ndio huo wa banda la kuku. Msinicheke. Ulishawahi kuwa mlango wa nyumba yenu nyote, na mimi kuku ninao wengi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka 2011 tulikwenda mahameni watu sita, mimi na kaka yangu mkubwa miongoni mwao, Mungu amrehemu. Tulikuta mji. Mwanamke wa Kisukuma alikuwa anapeta mchele chini ya mwembe wetu, ule uliopinda. Alitupokea vizuri, akatupa vigoda, akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Mumewe akaja, tukaamkiana. Wakati mimi bado naeleza sisi ni nani, kaka akatoa futi kamba mfukoni, akamkabidhi kijana wetu upande mmoja, akaanza kupima kutoka mwembeni kwenda kwenye kichuguu, kwa sauti: "Arobaini na mbili. Hapa ndipo ulipokuwa uwanja."

Yule bwana alisimama. Akakichukua kibuyu cha maziwa kilichokuwa mbele yetu, akakirudisha ndani. Halafu akauliza kwa upole kabisa: "Mmetumwa na nani?"

Baadaye ndipo nilipoelewa. Watu wale walitoka Ihefu, kule Mbarali, miaka ya 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa na mifugo yao ili maji ya mto Ruaha yapate kupumua. Wakasukumwa huku pande za pwani, wengine wakafika bondeni kwetu. Kwao mtu mwenye kamba ya kupimia si mjukuu wa mtu. Ni mwanzo wa kuambiwa funganya. Na sisi, watoto wa mtu aliyeng'oa mlango wake akapanda lori, ndio tuliokwenda na kamba.

Akapanda pikipiki kumfuata mwenyekiti wa kitongoji. Tukapelekwa ofisi ya kijiji, tukaandikishwa, tukaulizwa, tukaulizwa tena. Mpaka tunaachiwa jua limeshainama. Makaburini hatukufika. Ubani tulirudi nao mfukoni.

Kwa hiyo nasema mapema: anayezungumzia hati huko kwenye kundi, na ni mtoto wa marehemu kaka, naijua damu yake, namwomba hilo aliweke kando. Wewe ni msomi wa sheria, unajua kuliko mimi kwamba tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Ukiwa na hoja, una ofisi za kuipeleka, siku yake, na nguo zake. Usiipakie kwenye basi moja na watoto na sufuria za pilau. Ukishaitaja pale chini ya mwembe, hata salamu ya shangazi yako itaonekana ni ujanja.

Na hizo fulana zivaeni mkiwa kwangu. Kundi la watu thelathini wenye nguo za rangi moja wakishuka kwenye mji wa mtu, mwenye mji haoni ukoo, anaona mkutano. Droni nayo, jamani. Ng'ombe watatawanyika, na atakayewakusanya si wewe.

Coaster yenyewe haifiki. Itaishia kwangu. Kutoka hapa ni bodaboda mpaka ukingo wa bonde, halafu miguu, na pengine mtumbwi kama kijito kina maji. Ndiyo maana nasema Septemba, wala msinivutie Desemba kwa sababu ya likizo. Vuli zikianza udongo ule unashika kiatu na kukivua. Desemba mngepata embe, najua, lakini embe nitawatumia kwa basi. Na msitegemee kukuta kila kitu. Maji ya Aprili 2024 yalimeza mashamba mengi Rufiji na Kibiti, na mto wenyewe hula kingo. Miembe yetu ilikuwa saba, niliposikia mara ya mwisho imebaki mitatu. Ukifika ukaona mto umekaa mahali palipokuwa na jiko la bibi yako, usilie kama umeibiwa. Mto una tabia hiyo tangu zamani, na bibi yako aliijua.

Bi Mkubwa wenu lazima aende. Najua mmejadili afya yake, magoti, presha, na choo cha njiani. Hiyo ni kazi yenu kupanga: akae mbele, msimame Kibiti anyooshe miguu, na kule chini abebwe kwa pikipiki ya kijana asiye na haraka. Yeye alikuwa ameshaolewa tulipohama, anakumbuka nisiyoyajua. Siku hizi anachanganya, anaweza kumwita mwanao kwa jina la ndugu yetu aliyekufa. Mtoto aitike. Na msimsahihishe miaka. Ukitaka akusimulie, usimwambie "tueleze historia yetu", atakuambia hana historia. Muulize mtungi wa maji ulikaa upande gani wa mlango. Muulize nani alikuwa anaogopa kulala kwenye dungu. Washa simu yako irekodi, iweke chini, halafu funga mdomo.

Makaburi yapo, ya babu yetu mzaa baba na ya wadogo zangu wawili waliokufa wachanga. Bondeni hakuna mawe, mtayatambua kwa mbono kaburi, miti ileile tuliyoichomeka kama vijiti, sasa imekuwa kichaka. Msifyeke mpaka mwenye mji ashirikishwe, huenda ndiyo boma lake la mbuzi. Tutasoma dua, tutachoma ubani kidogo, tutatoa sadaka. Nasikia yupo kijana wetu mmoja anayesema ubani ni bidaa. Mwanangu, elimu yako naiheshimu. Kaa upande wa upepo, usome Fatiha yako, tutakutana kwenye kula.

Mlio nje, wewe wa Birmingham na mwenzako wa Muscat, mmechanga kuliko wote na Mungu awazidishie. Ila mwenye kutoa nauli asiwe ndiye mwenye kupanga nani azungumze. Mzungumzaji wetu atakuwa mjomba wenu wa hapa Ikwiriri, ambaye amechanga elfu kumi tu, kwa sababu yeye huuza chumvi kule bondeni na watu wanamjua. Zawadi msinunue vitu vya ajabu. Sukari, sabuni, majani ya chai, na vitenge viwili vya mama wa mji. Pesa msiwagawie watoto wao barabarani, mtawafundisha kuombaomba na mtawaudhi wazazi.

Kwanza kabisa tutapita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Si kwa sababu ya woga wa 2011. Mgeni huingia kwa mwenyeji.

Ratiba ndiyo hii: Ijumaa tokeni Mbagala saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Kongowe haijakaza, saa tatu mko kwangu mnakunywa chai. Mtalala kwangu, mikeka ipo, vyandarua njooni navyo. Jumamosi tunashuka mapema. Yule mama wa mchele bado yupo, nilimpelekea salamu kwa kijana wa bodaboda kuomba ruhusa. Akajibu tuje, ila tuje asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka. Akauliza na kama yule mzee wa kamba naye yumo. Nikamjulisha kwamba tulimzika mwaka juzi.

Jana kijana karudi na dumu la maziwa na pole zake. Yameshaanza kuganda, nitawawekea.

Shangazi yenu,
Ikwiriri