Kazi ya marehemu

Marangu, Alhamisi usiku

Wajina wangu,

Rambirambi yako ilifika. Kaka aliiandika kwenye daftari la michango kwa jina lako, na watu wakadhani nimejichangia mara mbili. Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike mama.

Ningekupigia simu, lakini ningelia, nawe ungenibembeleza mpaka salio liishe, na nililotaka kusema lisingesemwa.

Usiku wa kuamkia mazishi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, eti kwa kuwa mimi ni mwalimu. Kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, watoto 6, wajukuu 17: yote hayo hayakujaza hata nusu ukurasa. Nikafika penye "kazi". Kaka mkubwa, macho yakiwa kwenye simu, akasema, "Andika mama wa nyumbani."

Nyumbani saa ngapi, wajina? Wewe ulikuja likizo ile ya kidato cha tatu, tukalala chumba cha nyuma. Saa kumi na nusu alfajiri ukanishtua ukisema kuna mwizi bandani. Alikuwa mama anazoa samadi. Akimaliza kukamua anapeleka samadi migombani, halafu anachukua panga na kamba kwenda kukata majani. Na msimu wa mahindi ilikuwa kushuka mpaka shamba la chini, huko upande wa Himo, kulima siku nzima juani, jioni kupanda mlima na mzigo wa mabua ya ng'ombe kichwani, juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Goti lake la kushoto liliharibikia kwenye njia ile. Alikuwa anasema ni baridi.

Na kahawa je? Kahawa ilikuwa ya baba. Ndivyo mambo yalivyo huku kwetu, kahawa ya mwanamume, ndizi na maziwa vya mwanamke. Ila aliyezichuma zile nyekundu moja moja alikuwa mama, na sisi nyuma yake. Ndiye aliyezikoboa kwa mashine ya mkono jioni ileile zisije zikaharibika, akaziloweka, akaziosha, akazianika chanjani, na kila wingu lilipopita akakimbia kuzifunika. Kadi ya chama cha msingi cha ushirika ilikuwa na jina la baba. Stakabadhi, jina la baba. Malipo ya pili yakitoka, baba anavaa koti anashuka Moshi. Simsemi vibaya, ada za kaka zangu alilipa. Lakini zamu yangu ilipofika kahawa ilikuwa imekwisha nguvu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa tangu 1994, tukaambiwa sasa tutapata bei nzuri, kumbe mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ikaanguka hadi watu wakaacha kahawa zao ziote magugu. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye mikungu ya mama pale Mtoni sokoni. Hilo sikulisoma kanisani, baba alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Nilikukumbuka usiku ule. Ulipokuwa unasoma sheria ulinisimulia ile kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, waliposema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nikakuuliza, basi Bi Hawa alipewa ngapi? Ukasema hakupewa kitu, kwa kuwa walimhesabia fedha alizokuwa amepewa na mumewe akazitumia vibaya. Kanuni ikabaki kwa ajili ya wengine. Nilikasirika wakati ule, na bado.

Mwisho nikaandika "mkulima". Kaka akasema haya.

Kanisani nilipewa dakika tano, na mchungaji alikuwa anaangalia saa. Kwa hiyo mengine nakuandikia wewe. Unaukumbuka mnada baada ya ibada? Kuna bibi mmoja mjane alileta sadaka yai moja, amelifunga kwenye ncha ya khanga. Vijana wakaanza kunong'ona. Mama akalinunua kwa bei ya trei nzima, akalirudisha linadiwe tena, mwingine naye akaona haya kutaja bei ndogo. Lile yai lilizunguka mara nne! Bibi wa watu aliondoka ameinua shingo.

Na mtori, ile supu ya ndizi na nyama. Mke wa mtu akijifungua, na mama yake mzazi yuko mbali, basi mkungu mmoja wa ndizi mshare unakatwa kwetu. Hakuuliza kama ni Mlutheri au ni nani.

Halafu nimekuta daftari. Nilijua alikuwa mtunza hazina wa kikundi, ingawa aliishia darasa la nne. Nyuma ya hesabu za kikundi kuna orodha nyingine, ya mbegu za maharage. Fulani kopo mbili, fulani kopo moja, fulani "akivuna". Yeye alihifadhi mbegu kwenye madebe, amezichanganya na majivu wadudu wasiingie, na wenzake wakila mpaka mbegu ndiko walikokimbilia. Majina mengine amechora mstari bila kuandika kopo zilizorudi. Nadhani hao aliwasamehe.

Usidhani alikuwa malaika. Wakamwana zake walimwogopa. Na jirani yetu wa juu walinuniana mwaka mzima kwa ajili ya zamu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, wanapishana njiani kama hawajuani.

Sasa sikiliza. Siku ya pili baada ya mazishi ng'ombe aligoma kushusha maziwa. Nilijaribu mimi, akajaribu shemeji, akatupiga teke ndoo ikaruka. Alfajiri ya tatu nasikia hodi bandani, ni yule jirani wa mfongo. Ananiambia, "Kavae khanga ya mama yako, ile ambayo haijafuliwa." Nikaivaa. Ilikuwa bado inanukia moshi na yeye mwenyewe. Ng'ombe akanusa, akatulia, nikapata lita moja na nusu huku jirani ananishikia ndoo, na wote wawili hatusemi.

Ruhusa yangu inaisha Jumatatu. Kaka anataka ng'ombe auzwe, baba hajajibu. Jana jirani akaniuliza kama ninaweza kumwachia ile khanga mpaka watakapoamua. Nimempa.

Maharage ya mbegu nimekuchotea kopo mbili, nitakutumia kwa basi. Nimeliandika jina lako kwenye daftari.

Wajina wako