Malalamiko: Matairi Manne ya Mwaka 2017 na 2018 Niliyouziwa Kama Mapya

Kampala,
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Matairi,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Tarehe 12 Machi 2024 nilikuja dukani kwenu kubadilisha matairi ya gari langu, Toyota Premio. Mimi si mtu wa kungoja tairi liwe kipara. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vivimbe vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na kazi yake imekwisha. Yangu yalikuwa bado na milimita 3 hivi, lakini mvua za Machi zilikuwa zinaingia, na mimi hupita Lwera, kwenye kinamasi cha barabara ya Masaka, mara kwa mara. Barabara ikitanda maji, mifereji iliyoisha haiwahi kuyatoa, gari linaelea. Ndiyo maana niliamua mapema. Niliwalipa shilingi 1,120,000 kwa matairi manne ya saizi 195/65 R15, na risiti yenu imeandikwa "mapya". Nakala yake nimeiambatanisha.

Mwezi uliopita nilikuwa nawarudisha watoto shuleni Masaka. Watoto wanne, magodoro, masanduku ya chuma. Tulipofika Lukaya, tairi la nyuma la kushoto likawa linaishiwa upepo. Fundi wa pancha alilifungua, akang'oa msumari, akaligeuza upande wa ndani, kisha akanyamaza kidogo. "Mzee, haya ulinunua wapi?" Ubavu wote ulikuwa na nyufa kama udongo wa shamba lililokosa mvua. Akaniwekea kidole kwenye namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3417. Yaani wiki ya 34 ya mwaka 2017.

Nikamwomba ayafungue yote. Mengine mawili yalikuwa 3417 vilevile, na la nne 0918, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2018. Kwa hiyo siku mliponiuzia, lililo changa kuliko yote lilikuwa limeshatimiza miaka 6.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Katika matairi mengi tarehe hiyo hupigwa ubavu mmoja tu. Fundi wenu aliyafunga yote manne tarehe ikiwa ndani, upande wa breki, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka alale chini ya gari. Lingekuwa moja, ningesema imetokea tu. Manne yote nashindwa kuyaelewa, na ninaomba mnieleze.

Kutoka Lukaya hadi Masaka niliendesha taratibu, malori yakinipita, na sikuwaambia watoto kwa nini. Sitaisahau safari ile.

Niliporudi Kampala nilikuja kwenu. Kijana wa kaunta alipima mifereji, akakuta milimita 5, akaniambia niendelee nayo mpaka yaishe, kwa kuwa "tairi si maziwa, haliharibiki kwa kukaa". Sina ugomvi na kijana huyo, anasema alivyofundishwa. Lakini alivyofundishwa ni makosa, na makosa hayo yanaweza kuua. Mpira huzeeka hata tairi likiwa limeegemezwa ukutani. Hewa, jua na joto huukausha, unapoteza ulaini, unapasuka, na tabaka za ndani huanza kuachana. Tairi la namna hiyo likibebeshwa mzigo mchana wa jua kwa mwendo wa barabara kuu, linaweza kupasuka huku mifereji yake ikipendeza macho. Ndiyo sababu watengenezaji kadhaa wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka 6, na wapo watengenezaji wa matairi walioweka miaka 10 kuwa mwisho, hata kama linaonekana zima. Ninyi ndio wauza matairi, mambo haya mlipaswa kunifundisha mimi. Tena siku ile niliona mengine mmeyapanga nje, juani, bila hata turubai.

Nimeyavua yote manne na kuyaweka ghalani ili mje kuyakagua. Mtu mmoja ameshataka kuyanunua kama mtumba. Nimemkatalia, maana yangeishia kwenye gari la mzazi mwingine.

Ninaomba mnipe matairi manne ya saizi hiyohiyo yaliyotengenezwa ndani ya miezi 12 iliyopita, au mnirudishie fedha. Nimeyatumia karibu miezi 19, na sidai matumizi ya bure. Kateni sehemu ya haki kwa muda huo, tukubaliane. Ila kuna jambo ambalo sitalipunguza: kuanzia sasa, kila mteja asomewe tarehe ya tairi kabla halijafungwa, tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti, na pale tairi linaporuhusu kufungwa upande wowote, tarehe iwekwe nje.

Nasubiri jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 20 Oktoba. Simu yangu mnayo kwenye kitabu chenu cha mauzo, ukurasa wa siku hiyohiyo ya 12 Machi. Kwa sasa gari limesimama nyumbani juu ya mawe, na watoto watafunga shule kabla ya Krismasi. Nitahitaji kwenda kuwachukua.

Wenu,
Mteja, mwenye Premio