Zaina, mpe Bibi asikilize

Galle, Sri Lanka
Siku ya mwezi mpevu, Juni

Shoga yangu Zaina,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, zile za shuleni zimekwisha, sasa tusemezane.

Najua umenuna. Wiki tatu na ushei sijakujibu, na arusi ya Mwanahawa imepita mimi sipo, hata sare sikushona. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika popote, na leo nina shida nawe. Shida yenyewe inamhusu Bibi yako. Subiri, nitaifikia.

Kwanza mabati. Maneno ya Bi Kidawa yamenifika, eti zamu yangu ya upatu nimeipandisha ndege na nyumba nitaiezeka kwa picha. Mwambie ni kweli. Na tangu nifike kila kitu nakihesabu kwa mabati. Kiingilio cha jabali la Sigiriya, kwa mgeni, ni zaidi ya dola 30, yaani mabati mawili na chenji. Nikageuza, nikapanda jabali la jirani linaloitwa Pidurangala, ambalo bei yake ni ya misumari, na ukifika juu unaiona Sigiriya yote imekaa mbele yako. Treni ya Kandy kwenda Ella inapanda milima kwa muda wa kama saa saba, chai kushoto, chai kulia, mimi nimekaa mlangoni miguu inaning'inia, na nauli ya daraja la tatu haifiki nusu ya mfuko wa saruji. Kwa hiyo simlilii mtu. (Begi lako, lakini, linarudi na magurudumu matatu. La nne lilibaki kwenye mkanda wa uwanja wa ndege, sitaji upi. Nitalipa, usianze.)

Watu wa hapa wakikubali jambo wanatikisa kichwa huku na huku, kama sisi tunavyokataa kwa upole. Sikuambiwa. Siku ya kwanza niliwaacha madereva watatu wa bajaji waliokuwa wamekubali bei yangu.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja, wote tunamwita Amma, kwao ndiyo mama. Asubuhi ya pili nasikia jikoni mlio ninaoujua: kwaru, kwaru. Natoka, namkuta amekalia mbuzi! Kibao cha mbao, ulimi wa chuma wenye meno, nazi inazungushwa viganjani. Alidhani nashangaa ushamba. Nikamwomba anipishe, nikakuna nazi mbili, nikazikamua, tui zito mbali, jepesi mbali. Nao wanayatenga hivyo hivyo, la kwanza wanaliita mitikiri, la pili diyakiri. Tangu siku hiyo nina kazi ya kudumu. Kifungua kinywa ni appa, vibibi vyetu kabisa, ila vimebonyea kama bakuli na havina sukari, vinaliwa kwa pilipili. Na fenesi changa wanalipika mchuzi. Usicheke, niliongeza sahani.

Sasa sikia.

Ndani ya ngome ya Galle, karibu na mnara wa taa, kuna msikiti mweupe ambao ukiuona utaapa ni kanisa. Nimesimama nje, baibui mwilini, mtandio kichwani, nauangalia. Akatoka mzee wa kofia, uso wa heri, akanitazama vizuri, akaniuliza kwa Kiingereza chake: "Wewe Kaffir?"

Zaina! Mimi! Mtoto wa Maalim, mlangoni kwa msikiti! Nilimjibu kwa Kiswahili, na nashukuru hakuelewa. Yeye kutabasamu tu, anaonyesha kwa mkono kaskazini: Puttalam, Puttalam. Jioni nikamlalamikia Amma, mwanawe akacheka sana. Kumbe Kaffir hapa ni jina la kabila. Ni watu weusi, wametoka kwetu, na wao wenyewe wanajiita hivyo bila kinyongo. Wareno waliwaleta, Waholanzi wakawaleta, Waingereza nao wakanunua watu Msumbiji wakawavisha sare za askari, maana mfalme wa Kandy alikuwa hajashindwa bado. Kikosi kilipokwisha kazi, wakaachwa Puttalam, kwenye mashamba ya chumvi. Neno lenyewe ni lile lile letu: Waarabu walilitumia pwani kwa wasio Waislamu, Wareno wakaliokota wakadhani ni jina la watu. Nilikuwa nimemkasirikia mzee bure. Au si bure, hata sijui. Bado linanikera nikilisikia.

Nikalala nalo siku mbili, ya tatu nikapanda basi.

Kijiji kinaitwa Sirambiadiya, nje kidogo ya Puttalam. Joto, upepo, chumvi imerundikwa marundo kama kule kwetu. Waliobaki ni wachache, wameoana na Wasinhala na Watamil, na ni Wakatoliki, kwa hiyo jina langu la Kiislamu liliwafurahisha vile vile kama lao lilivyonishtua. Nikaanza kama mwalimu wa darasa la kwanza, ndiyo kazi niliyo nayo: maji, moto, nyumba, ngoma, kuku. Wakanitazama tu. Wanasema Kisinhala. Mama mmoja mtu mzima akashika ukingo wa mtandio wangu, akauliza kwa macho, nikauvuta kidogo. Akagusa nywele zangu, akagusa zake, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Halafu wakaimba. Wanaita manja. Yule mama akakaa chini na chupa ya kioo na kijiko, mwenziwe akashika vifuu viwili, kijana akawa na ngoma. Wakaanza taratibu kama watu wanaotwanga hawana haraka, mwendo ukazidi kidogo kidogo, mwisho hata watoto wa jirani wamekuja wanacheza kwa viuno. Maneno ni Kireno cha kale kilichochanganyika, na mengine hata waimbaji hawajui maana yake. Wanaimba kwa sababu mama zao waliimba.

Zaina, ule mlio wa chupa. Unakumbuka tulipomtoa nje mwanao, Bibi akanyakua mfuniko wa sufuria na mwiko? Ndio ule. Nakuapia ndio ule, au nimetaka mwenyewe uwe ndio. Ndiyo maana nakuhitaji. Bibi ni Mmakua, baba yake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, na nyimbo za kwao alizikamata akiwa mdogo. Nimekutumia sauti kwa WhatsApp, dakika nne. Mwekee. Masikio yake yamepungua, azima spika ya Shamte. Ila usimwambie imetoka wapi! Ukimwambia atakubali ili kukufurahisha, unamjua. Kaa kimya, mtazame miguu.

Wakati wa kurudi Galle nilikuwa naisikiliza kwenye treni, bahari iko pale pale dirishani, jirani yangu akanigusa bega. Tunapita Peraliya. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalibeba treni nzima hapo, watu zaidi ya 1,000. Siku ile ile hata kwetu kuna waliokwenda na maji. Nikazima.

Leo ni sikukuu ya Wabuddha, mwezi mpevu, hakuna pombe wala nyama inayouzwa, na barabarani watu wanagawa wali bure kwa kila apitaye. Nimepita bila kuchukua, kwa haya, Amma kanigombeza kama amenizaa. Anasema nisipokula namkosesha thawabu mwenzangu. Narudi kula sasa hivi.

Haya niambie: Mwanahawa alilia au alicheka? Sare ilikuwa ya rangi ile mbaya? Shamte bado anakudai? Zamu ya upatu ya mwezi huu ni ya nani, na je, naweza kuanza tena kuhesabiwa, au Bi Kidawa amenifuta? Mguu wa Bibi vipi? Na yale maneno aliyokuwa anaimba kwa mfuniko, umewahi kumuuliza maana yake? Mimi sikuwahi.

Mdalasini nikuletee wa vijiti au wa unga? Naondoka Jumanne, nijibu mapema.

Shoga yako,
Mwanaidi