Dada, mtoto sio mvivu wa kusoma

Dada, shikamoo.

Najua ungependa haya ya mwanao na kusoma tuongee kwenye simu, ila kwenye simu tungeishia kubishana kama siku ile uliposema ni mvivu, alafu kuna wazazi wengi wanapitia haya haya, ndo maana nimeandika hapa wazi. Jina la mtoto sijaweka.

Ile sikukuu ulivyomwita asome mbele ya wageni mi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Akaweka kidole chini ya mstari, wa-na... wa-na-ki... wa-na-ki-ji-ji, alafu akarudi mwanzo, manake alivyofika "ji" ya mwisho ile "wana" ilishapotea. Kajasho kakamtoka juu ya mdomo. Mara ukurasa uliofuata akautiririsha kama maji, watu wakapiga makofi, ila mi niliona, hakuwa hata amefunua. Alikuwa ameukariri wote. Mtoto wa darasa la tatu anakariri ukurasa mzima ili asiaibike mbele za watu, alafu tunamwita mvivu?

Nimesoma sana tangu siku ile. Kuongea mtoto anajifunza mwenyewe kwa kutusikia, lakini maandishi yana miaka kama 5000 tu, hakuna aliyezaliwa na sehemu ya kusomea kichwani, kwa hiyo ubongo unaazima. Kuna eneo upande wa kushoto, nyuma kwa chini, jirani na yale yanayotambua sura za watu na vitu. Mtu akifundishwa kusoma, eneo hilo linazoea herufi na kuungana na maeneo ya sauti na ya maana, mpaka unafika hatua ukiona neno "chai" huungi tena cha na i, unalitambua tu kama unavyotambua sura ya mama, haifiki hata robo sekunde. Sasa kuna disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala upungufu wa akili. Wenye nayo wakipimwa kwa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ubongo, huku wanasoma, yale maeneo ya kushoto kwa nyuma yanaonekana kufanya kazi kidogo kuliko kwa wengine, na mara nyingi sehemu za mbele na za upande wa kulia ndo zinahangaika kuziba pengo. Anafika, ila kazunguka mbali, na akifika kachoka.

Na shida kubwa kwa wengi wao sio macho, ndo maana ile miwani haijasaidia kitu. Ni sauti, yaani kulivunja neno vipande vipande na kushika kila kipande kinaandikwaje. Unakumbuka watoto walivyokuwa wanacheza kinyume pale barazani, kitabu kinakuwa bukita, sokoni inakuwa nisoko, wanacheka mpaka wanalala chini? Yeye alikuwa anakaa pembeni. Nilidhani ana aibu tu, dada, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kiswahili nacho kinamficha. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo akipewa muda anapatia, anachokosa ni kasi, na mwalimu akiona kapatia anasema si unaona anajua, anajivuta tu. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao yamenyooka kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini ndani ya ubongo upungufu ulikuwa ule ule, upande ule ule wa kushoto. Ndo maana kwenye Kiingereza mjomba wangu huyu, mwanao, anazama kabisa, hebu angalia one na two, kwenye one w unaisikia na haijaandikwa, kwenye two imeandikwa na haisikiki.

Na sio jambo la juzi. Mwaka 1896 daktari mmoja Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, akili zake timamu kabisa ila kusoma hawezi. Mwalimu wake alisema masomo yote yangekuwa ya mdomo huyo angewashinda wote shuleni.

Mi sio daktari, kupima ni kazi ya wataalamu na tutampeleka pamoja. Ila fimbo naomba iishe leo. Jioni dakika kumi na tano zinatosha, apige makofi kwa kila silabi, msome kwa zamu, wewe sentensi yeye sentensi, na pale shuleni tumwombe mwalimu ampe muda zaidi na maswali mengine amuulize kwa mdomo. Akifundishwa hivo taratibu na kwa mfululizo ubongo wenyewe unabadilika, watoto waliopimwa kabla na baada ya mafunzo ya aina hii, yale maeneo ya kushoto yalionekana kuamka zaidi.

Halafu kuna hili, dada. Disleksia inatembea kwenye familia. Mzee wetu barua ikifika alikuwa anatupa sisi, "hebu nisomee, macho yamechoka", na macho hayo hayo yalikuwa yanaona mbuzi kaingia shambani kutoka ng'ambo ya bonde. Na shule alienda. Sikumbuki hata siku moja katusomea mstari. Nimelala na hili wiki nzima.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Mwambie mjomba anisubiri barazani, tutacheza kinyume polepole, tuanze na maneno ya silabi mbili.