Mezani kwa Wakorea, New Malden

Mpendwa Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na salamu za mavyaako nazo nimezipokea. Umesema Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtashuka London, watu wazima wanne na watoto wawili, na watoto wameshikilia chakula cha Kikorea kama wanavyokiona kwenye tamthilia. Haya, nikupe kila kitu kabla hamjakaa mezani, maana mkishakaa na njaa hamtanisikia.

Kubwa kuliko yote: kila mtu asifungue menyu akajichagulia chake. Hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu. Chakula cha Kikorea kimepangwa kama chetu: kuna wali, na kila kisichokuwa wali ni kitoweo. Ukimwagizia kila mmoja sahani yake mtaletewa mabakuli sita yanayochemka, meza ijae, bili ipande, na bado kila mtu ale kitu kimoja tu. Wewe agiza kama unayepakua sinia la watu sita, mtu mmoja aseme na wengine wanyamaze.

Msihangaike na mikahawa ya katikati ya mji. Nendeni New Malden, kusini-magharibi mwa London, ambako Wakorea wameweka makazi yao kwa miaka mingi, wa Kusini na hata waliotoka Kaskazini. Pandeni treni Waterloo. Ni kama dakika 25, kanda ya 4 ya nauli. Mkitoka stesheni mko karibu na High Street, na mikahawa mtaiona yenyewe, mabango yana maandishi ya Kikorea. Faida ya huko ni kwamba wateja wengi ni Wakorea wenyewe, kwa hiyo menyu ina vyakula vya nyumbani, si nyama choma peke yake.

Piga simu siku kadhaa kabla. Omba meza yenye jiko, maana nyama mnachoma wenyewe mezani, na uulize meza ya watu sita ina majiko mangapi. Likiwa moja, wanaokaa pembeni watakuwa wanapokezwa tu, na nyama itakwenda polepole. Uliza pia kama wanachoma mchana au jioni tu.

Sasa suala la halali. Usiulize tu “mna halali?” maana utajibiwa “tuna kuku” na mazungumzo yataishia hapo. Uliza ng'ombe na kuku wanatoka kwa mchinjaji gani, kama ana cheti, na kama chuma cha kuchomea nguruwe ndicho hicho hicho mtakacholetewa. Nguruwe kwa Wakorea ni nyama ya kila siku, na hujificha. Samgyeopsal ni nguruwe, bossam na jokbal pia. Hizo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), ambayo kwa kawaida hupikwa na nguruwe hata menyu isiposema. Mandu, vifuko vya unga ambavyo mjazo wake mara nyingi ni nguruwe. Jajangmyeon, zile tambi nyeusi watoto watakazozitaka. Kimbap, wali uliofungwa kwa mwani, ambayo hufichwa kipande cha nyama ya nguruwe (ham) katikati. Na budae jjigae, iliyojaa soseji na nyama ya kopo. Halafu kuna kitu kinaitwa sundae. Watoto wasije wakadhani ni aiskrimu: ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Jingine la kujua ni kwamba gochujang nyingi za dukani, ile pilipili nzito nyekundu, na sosi nyingi za soya, huongezwa alkoholi kidogo ili zisiharibike. Hukumu yake mwulizeni mnayemwuliza siku zote.

Wakikwambia nyama yao si ya halali, safari haijaharibika. Agizeni godeungeo gui, vibua wa kuchoma na chumvi, ambao mavyaako atawala bila kuelezwa. Dolsot bibimbap, wali wenye mboga kwenye bakuli la jiwe, isiyotiwa nyama. Na sundubu jjigae, mchuzi wa tofu laini, ya vitu vya baharini, mkihakikisha kwanza supu yake haikuanzia kwenye nguruwe.

Kuhusu yule mdogo mwenye mzio wa kamba, hapa fungua macho. Kimchi nyingi hutiwa saeujeot, yaani uduvi waliochachushwa kwa chumvi. Hawaonekani, wameyeyukia ndani. Hata gyeran-jjim, mayai ya mvuke yanayoonekana salama kabisa, mara nyingi hukolezwa kwa uduvi huo huo badala ya chumvi. Sheria ya Uingereza inaulazimisha mkahawa kukueleza kuhusu vitu 14 vinavyoleta mzio, na jamii ya kamba imo, kwa hiyo omba orodha bila haya. Ufuta na soya navyo vimo kwenye orodha hiyo, na katika jiko la Kikorea karibu hakuna chakula kisicho na kimojawapo.

Mkishaagiza, vitaletwa visahani vidogo: kimchi, mbegu za soya zilizochipua, mchicha wa mafuta ya ufuta, pengine dagaa waliokaangwa wakatiwa utamu. Hivi ndivyo banchan, ni vya wote, na kwa desturi yao ni bure na vikiisha unaongezwa. London mikahawa mingine hutoza nyongeza, basi uliza kabla ya kunyoosha sahani. Na msivimalize mkingoja chakula. Kazi ya kimchi ni ile ya achari, kukata mafuta ya nyama.

Kwa watu sita wenu ningeagiza hivi: nyama sahani nne, dolsot bibimbap mbili, doenjang jjigae moja, pajeon moja, na wali bakuli tatu kwa sababu bibimbap zina wali wake. Sahani moja ya nyama huwa gramu 150 hadi 200 hivi za nyama mbichi, na mikahawa mingi haikubali kuwasha jiko kwa chini ya sahani mbili. Kisipotosha ongezeni, kupunguza haiwezekani. Pajeon ni mkate wa kumimina wenye vitunguu vya majani, lakini ikiandikwa haemul mbele yake basi ina kamba na ngisi, na mdogo asiiguse. Doenjang jjigae ni mchuzi wa soya iliyochachushwa, mara nyingi kwa supu ya dagaa wakavu na mwani, ila jikoni huweza kutia kamba au kombe. Ulizeni.

Kwenye jiko, utaratibu ndio kila kitu. Nyama isiyoungwa hutangulia, iliyoungwa hufuata. Bulgogi (vipande vyembamba vya ng'ombe) na galbi (mbavu) za kuunga zimelowekwa kwenye soya, sukari, kitunguu saumu na mara nyingi tunda la pea. Sukari hiyo huungua upesi na kuganda kwenye chuma, na kila kitakachofuata kitakuwa kichungu. Anzeni na chadolbaegi, kidari cha ng'ombe kilichokatwa kama karatasi: unakiweka, kinabadilika rangi, unageuza, unatoa. Ukigeuka kuzungumza kimeshakuwa ngozi. Msijaze jiko, nyama ikibanana inatoa maji na kuchemka badala ya kuchomeka. Mbavu nene zigeuzwe mara moja au mbili, kisha mzikate kwa mkasi mtakaopewa, ndiyo kazi yake. Koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva. Chuma kikiwa cheusi ombeni kingine. Ni jambo la kawaida, na mhudumu mzuri atabadilisha kabla hamjasema.

Nyama ikitoka, chukua jani la letasi kiganjani, weka kipande kimoja, ssamjang, yaani rojo nzito ya soya na pilipili, kiasi cha nusu kijiko cha chai, kipande cha saumu, wali kidogo ukipenda, funga, na tia kinywani mara moja. Ukiling'ata nusu linakumwagikia. Kosa la wengi ni kujaza jani kama wanafunga safari. Pakiwa na jani lenye meno meno na harufu kali kama ya dawa, hilo ni kkaennip. Mjaribuni nalo, nusu ya watu hulipenda na nusu hawarudii. Mavyaako atafurahi kusikia kwamba hiki ni chakula cha mkono.

Dolsot bibimbap huja kwenye bakuli la jiwe lililotoka motoni, nalo hukaa mbali na mikono ya watoto. Tia gochujang kijiko kimoja tu kwanza, maana ina chumvi na utamu pamoja na ukali. Changanya juu, gandamiza wali kwenye kuta za bakuli, kisha ngoja dakika mbili tatu. Unangoja ukoko. Anayechanganya mpaka chini mara tu bakuli linapotua anaupoteza, na kwa maoni yangu ukoko ni nusu ya sababu ya kulipia jiwe. Mkiagiza sundubu na kukaletwa yai bichi, lipasue humo papo hapo mchuzi ukiwa unachemka. Tofu yake laini hushika moto kuliko mchuzi wenyewe, basi watoto wapulize.

Mtu akitaka seolleongtang, supu nyeupe ya mifupa ya ng'ombe, itakuja haina chumvi. Mpishi hajasahau, chumvi na vitunguu vya majani viko mezani, kila mtu anakoleza yake.

Adabu hazitawasumbua. Mkubwa ndiye anayeanza, kwa hiyo mngoje mavyaako ashike kijiko. Wali na supu ni kwa kijiko, vijiti ni vya vitoweo. Ni vya chuma, bapa, vinateleza, na kuomba uma si aibu. Usivisimamishe vijiti ndani ya wali, kwao ni ishara ya matanga. Bakuli halinyanyuliwi mdomoni. Kumpa mkubwa kitu au kumimina maji tumia mikono miwili. Msipoona vijiko mezani, vuteni droo iliyo ubavuni mwa meza. Pakiwa na kengele ya kubonyeza, bonyezeni, hakuna anayeona ufidhuli.

Bili ikija, tazama kama wameshaongeza ada ya huduma, ambayo London mara nyingi ni asilimia 12.5. Ni ya hiari. Wakihudumiwa vibaya wateja wanaruhusiwa kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 2024 sheria inataka fedha hiyo iwafikie wafanyakazi, basi kama mhudumu amewabadilishia chuma mara tatu, iacheni.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Rukia

N.B. Mabuibui ya mikono mipana myaache nyumbani, au mje na pini za kuikunja, kwa sababu jiko liko katikati na vyakula viko ng'ambo ya pili. Na makoti yasitundikwe nyuma ya viti. Mikahawa mingine ina viti vyenye mfuniko, unainua unatia koti ndani. Harufu ya moshi ikishaingia kwenye sufi itafuatana nanyi wiki nzima.